Rafiki wa Dhati Utamjua Hata Siku ya Neema

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo tumekua nayo, na wengi wetu hatujawahi kutafuta kipimo kingine. Ina ukweli wake na siipingi. Lakini dhiki huleta watu wa kila aina. Humleta anayekupenda, humleta anayetaka kuonekana mwema, na humleta hata yule ambaye kuanguka kwako kunampa nafuu fulani moyoni. Shida kubwa ina mashahidi, ina mwanzo na mwisho, na ya kufanya yanajulikana: unafika, unatoa pole, unasaidia ulichonacho, unaondoka. Mtu asiye na mapenzi yoyote nawe anaweza kuyatimiza hayo yote bila kukosea.

Anayetaka kujua nani yuko naye kwa dhati aangalie na kwingine: siku anapopata jambo jema, siku za kawaida zisizo na tukio lolote, na pale anapozungumzwa naye hayupo. Huko hakuna sifa za kuvuna.

Chukua siku ya neema. Mwenzako anakupigia simu na sauti yake imechangamka: "Nimepata ile nafasi niliyoomba!" Majibu yanaweza kuja kwa njia nne. Wa kwanza atasema: "Hongera! Walikupigia lini? Ulimwambia nani kwanza? Unaanza lini?" Wa pili atasema: "Aa, vizuri," kisha kimya. Wa tatu atasema: "Utaweza kweli? Nasikia pale kazi ni nyingi na bosi ni mkali." Wa nne atasema: "Afadhali wewe, mimi leo kichwa kinaniuma tangu asubuhi." Mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake waliyachunguza majibu haya manne kwa watu walio kwenye uhusiano wa mapenzi, wakachapisha matokeo mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Jibu la kwanza peke yake ndilo lililoendana na uhusiano wenye afya. Na katika kazi ya mwaka 2006, namna mtu anavyopokea habari njema za mwenzake ilieleza hali ya uhusiano vizuri zaidi kuliko namna anavyopokea habari mbaya. Kwa marafiki nimeona mambo yakienda vivyo hivyo.

Ubora wa jibu la kwanza umo katika maswali, zaidi ya hilo neno hongera. Hongera hutamkwa hata na adui. Kuuliza "walikupigia lini?" ni kumpa mwenzako nafasi ya kuisimulia furaha yake mara ya pili, na ni kumwonyesha kwamba unataka kukaa naye humo kwa muda. Maswali mawili au matatu yanatosha. Jibu la tatu nalo lina ujanja wake, kwa sababu huvaa vazi la kujali. Msemaji ataapa kwamba alikuwa anatahadharisha tu. Huenda ni kweli, na huenda hiyo kazi ina matatizo anayoyajua. Basi tahadhari hiyo isubiri siku mbili. Habari njema ikishapokelewa vizuri, tahadhari inayofuata husikilizwa. Ikitangulia, husikika kama husuda hata kama si husuda.

Na husuda yenyewe? Inawapata hata watu wema, hasa mafanikio ya mwenzako yanapogusa jambo ambalo nawe ulikuwa ukilitamani. Kuhisi wivu hakukufanyi mnafiki. Unafiki huanza pale unapouacha wivu ukuchagulie maneno: unapunguza kidogo alichopata, unataja mwingine aliyepata zaidi, unakumbusha kosa lake la zamani. Kinachosaidia ni kupongeza kwa maneno machache yaliyo ya kweli, kuuliza swali moja, kisha kujipa muda wa kutulia kabla ya mazungumzo marefu. Kama urafiki ni wa karibu sana unaweza hata kumwambia baadaye: "Nilikufurahia, na pia niliumia kidogo kwa sababu yangu." Kauli ya namna hiyo huvunja ukuta ambao miaka ya pongezi za juujuu isingeuvunja.

Hapa ni vizuri tuliweke sawa jambo lenyewe. Udhati ni kulingana kwa vitu vitatu: kilichomo moyoni, kinachotamkwa na kinachotendwa. Moyo na kauli vikikubaliana bila tendo, umempata mtu mzuri wa maneno. Anakupenda kweli, ila usimtegemee kwa lolote. Kauli na tendo vikikubaliana huku moyo uko kwingine, huyo ndiye mgumu kumtambua, kwa sababu anakuhudumia vizuri na anakuchukia vizuri. Moyo na tendo vikikubaliana bila kauli, una rafiki mkimya: atakutembelea, atakusaidia, atakukumbuka, lakini hatakwambia hata siku moja kwamba wewe ni muhimu kwake. Wengi huwadhania hawa wakimya kuwa ni baridi, wakawaacha na kuwakimbilia wa maneno matamu. Ni hasara kubwa. Na wewe ukiwa ndiye mkimya, jizoeze kusema. Sentensi moja iliyo wazi mara chache kwa mwaka inatosha.

Udhati pia si kusema kila kinachokujia kichwani. Wapo wanaotangulia na "mimi sifichi, mimi ni mkweli," kisha wanamvua mtu nguo mbele za watu. Anayesema hivyo mara nyingi anaomba ruhusa ya kuumiza. Kanuni inayofanya kazi ni kwamba kunyamaza kunaruhusiwa, kudanganya hapana. Na hata kunyamaza kuna mpaka wake. Mpaka ni pale mwenzako anapokaribia kuchukua hatua kwa kutegemea jibu lako. Akikuuliza barua yake ya maombi ya kazi ikoje na hajaituma, kumwambia "iko safi" wakati ina makosa ni kumsaliti. Akikuuliza baada ya kuituma na hakuna la kubadilisha, mwache apumue; makosa utamwonyesha atakapoandika nyingine.

Uongo mdogo ni mwingi kuliko tunavyokiri. Mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake waliwaomba watu waandike kila siku uongo waliosema, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha wanafunzi wa chuo wakisema takriban uongo mara mbili kwa siku, na watu wengine takriban mara moja. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba kwa watu wa karibu tunasema uongo mara chache zaidi, na unaosemwa mara nyingi ni wa kumhurumia mwenzako: nimependa zawadi, hukunisumbua, hakuna shida. Huo wa mwisho ndio wa kuuangalia sana. "Hakuna shida" inayosemwa wakati shida ipo hugeuka kinyongo. Mwenzako hajui kwamba amekosea, kwa hiyo atarudia, na kila akirudia wewe unaandika deni ambalo yeye hajawahi kuliona. Siku utakapolidai lote kwa pamoja atashangaa kwa haki.

Dawa yake ni kusema mapema, na kusema vizuri. Hapa ndipo urafiki mwingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kabla hujafungua mdomo, jiulize unataka nini kibadilike. Kama hakuna, kama unataka tu ajisikie vibaya, subiri. Chagua jambo moja, la karibuni. Tafuta faragha, maneno yale yale yakisemwa mbele ya mtu wa tatu yanakuwa aibu. Usiseme ukiwa umewaka, lakini usipitishe siku mbili au tatu, maana baada ya hapo matukio hubadilika kichwani, kila mmoja akayakumbuka yanavyompendeza. Taja tendo, usitaje tabia. Sema lilivyokugusa. Sema unachoomba. Kisha uliza, na unyamaze usikilize.

Tuseme mwenzako ana mtindo wa kuvunja miadi dakika za mwisho. Unaweza kumwambia: "Wewe hujali watu." Atajitetea, atakutajia siku zote alizokujali, na mtamaliza mkigombana kuhusu tabia yake tangu mjuane. Au unaweza kusema: "Mwezi huu tumepanga kuonana mara tatu, na mara zote umeniambia saa moja kabla kwamba huji. Mimi nakuwa nimeshaacha mambo yangu. Nikipanga nawe tena naomba unijulishe tangu jana yake. Kuna kitu kinakubana ambacho sikijui?" Maneno hayo humchukua mtu chini ya dakika moja kuyasema. Mwenzako hana cha kubishia, kwa sababu mara tatu ni mara tatu. Na lile swali la mwisho si pambo: mara nyingi kipo kitu, deni au ugonjwa au ugomvi wa nyumbani, na huenda ulikuwa unamhukumu mtu aliyekuwa anazama.

Kosa la kawaida hapa ni kufunika ukweli kwa sifa nyingi mwanzoni. Mtu anasifiwa hadi anaanza kuogopa, na likifika lile jambo anaziona sifa zote kuwa zilikuwa chambo. Siku nyingine ukimsifu kwa moyo safi atasubiri pigo. Tenganisha: sifa zipewe siku yake, malalamiko siku yake. Kosa jingine ni kuleta jeshi: "si mimi tu, hata wengine wanasema hivyo." Sasa umemwambia kwamba mlimjadili, na hatasikia kingine chochote. Zungumza kwa niaba yako mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, kazi ni ndogo lakini ni ngumu. Usijibu papo hapo. Rudia ulichosikia kwa maneno yako ili ahakikishe umeelewa. Ukihisi joto linapanda, sema: "Nimekusikia, nipe hadi kesho." Na kesho urudi wewe, usingoje akufuate.

Kuhusu kuomba msamaha, watu hubobea kwenye lile neno na kusahau mwili wake. "Samahani kama nimekukosea" haikiri kosa lolote. "Samahani, lakini na wewe..." ni shambulio jipya. Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki na wenzake walipima sehemu sita za kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza ilivyotokea, kukiri kuwa kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Iliyokuwa na uzito zaidi ni kukiri kosa, ikifuatwa na kujitolea kurekebisha. Ya mwisho kabisa kwa uzito ilikuwa ombi la kusamehewa. Hiyo inaeleweka ukiitazama kwa karibu. Anayekimbilia "nisamehe basi" anamtwika aliyeumizwa kazi nyingine ya kumtuliza yeye. Sema hivi: "Nilitoa siri yako mbele ya wenzetu. Nilikosea, hukustahili. Nitawaambia wale waliosikia wasiiendeleze, na nitakujulisha nikishazungumza nao." Halafu fanya ulichosema, na umwache achukue muda wake. Kumuuliza kila baada ya siku mbili kama bado amekasirika ni kumharakisha.

Nimetaja siri, na ni mahali pengine pa kupimia. Anayekuletea siri ya mtu mwingine akisema "nakwambia wewe tu" anadhani anakupa heshima. Anachokupa ni taarifa kuhusu hatima ya siri zako. Si lazima umvunjie urafiki, ila ujue cha kumwambia na cha kubaki nacho. Na wewe ukiambiwa jambo na hujui kama ni siri, uliza wakati huo huo: "Hili naweza kumwambia mtu, au likae hapa?" Likiwa la kukaa hapo, likae hata kwa mwenzi wako wa ndoa, isipokuwa ulitangulia kusema kwamba humfichi. Yako mambo machache yanayoruhusu kuvunja siri, kama mtu kutishia kujidhuru au kumdhuru mwingine, na hapo unamwambia kwanza kwamba utatafuta msaada na ni nani utamwendea. Siri hiyo haivunjwi kwa kumzunguka.

Sasa lile la kuzungumzwa usipokuwepo. Humsikii anachosema juu yako, lakini unamsikia anachosema juu ya wengine, na hiyo inatosha. Anayemchekea mtu usoni na kumchambua akishageuka, ana desturi hiyo kwa wote. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wewe umetengwa. Upande wako, watu wakimsema rafiki yako vibaya, huna haja ya kupigana. Sentensi moja inatosha: "Upande wake siujui," au "Mwenyewe umemwambia?" Ukishasema hivyo kwa utulivu mazungumzo hupoa yenyewe. Kuna wanaodhani uaminifu ni kukimbia kumpelekea habari: "Unajua wanavyokusema?" Kabla ya kupeleka, jiulize kama kuna hatua anayoweza kuchukua akijua. Kama ipo, kwa mfano uzushi unaoweza kumharibia kazi, mwambie, na umwambie pia wewe ulijibu nini. Kama haipo, umembebea mwiba ukamchoma nao ukitumia jina la mwingine.

Siku za kawaida ndizo nyingi, na ndizo zinazobeba urafiki. Udhati wake uko kwenye kauli ndogo ndogo: nitakupigia, tutaonana, nitakutumia. Ahadi ni deni, tunasema, kisha tunakopa ovyo. Jizuie kutoa ahadi isiyo na siku. "Tutaonana" ibadilike iwe "Jumamosi saa kumi inakufaa?" au isisemwe. Ukiahidi, andika mahali, simu yako ina kalenda. Ukiona haitawezekana, sema kabla ya muda kufika. Taarifa inayokuja baada ya saa ya miadi ni udhuru tu. Anayeahidi mawili na kutimiza mawili hujenga imani haraka kuliko anayeahidi kumi na kutimiza sita, ingawa huyu wa pili amefanya mengi zaidi.

Kumbuka pia anachokwambia. Mwenzako akitaja kwamba Alhamisi anachukua majibu ya hospitali, andika. Alhamisi jioni mtumie ujumbe: "Majibu yametoka? Niko hapa ukitaka kuongea." Salamu zinazosambazwa kwa watu hamsini kwa mpigo, zenye maua na baraka, hazina nguvu ya ujumbe huo mmoja, kwa sababu hazimjui anayezipokea. Na kama mmepotezana muda mrefu, usiache kumtafuta kwa kuogopa kwamba utaonekana msumbufu. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria chini furaha atakayoileta, na mpokeaji hufurahi zaidi hasa pale ambapo hakutarajia. Usianze na lawama za "umenitupa." Taja jambo moja lililokufanya umkumbuke, basi.

Mambo mazito yasiende kwa maandishi. Ujumbe hauna sauti, na anayeusoma akiwa na hofu atausoma kwa sauti ya hofu. Piga simu, au mwonane. Kuchelewa kujibu nako kusipewe maana kubwa kabla ya kuuliza. Ziko nyumba zenye watoto wachanga, ziko kazi za zamu, wako watu wanaosoma ujumbe na kuhitaji siku nzima ya kutafuta la kusema.

Mtu akija na tatizo, kabla ya kutoa ushauri muulize: "Unataka tutafute njia, au unataka nikusikilize kwanza?" Swali hilo huokoa jioni nzima. Anayetaka kusikilizwa akipewa ushauri hujiona mjinga. Anayetaka ushauri akipewa pole tupu hujiona ametupwa. Na usihamishe mazungumzo kwa "hata mimi iliwahi kunitokea," kisha ukaendelea robo saa. Mfano wako uwe sentensi moja, halafu urudi kwake.

Kukataa ni sehemu ya udhati ambayo watu wapole huishindwa. Wanakubali kila kitu, kisha wanapiga chenga. Kataa mapema, kwa ufupi, na usibuni sababu. Sababu ya kubuni ina hatari yake: ukisema "sina usafiri," mwenzako atasema "nitakupitia," na sasa unahitaji uongo wa pili. "Hapana, safari hii sitaweza" ni jibu kamili. Ukitaka kutoa mbadala, utoe ule ambao kweli utautimiza. Rafiki asiyeweza kupokea hapana yako alikuwa anapokea ndiyo zako kama haki yake.

Fedha huhitaji uwazi kuliko mapenzi. Mkikopeshana, semeni mambo manne kabla fedha haijahama: kiasi gani, kitarudi lini, kitarudi kwa mkupuo au kidogo kidogo, na itakuwaje tarehe ikipita. Tumianeni ujumbe mfupi wenye hayo manne, hata kama mnaaminiana. Utasaidia kumbukumbu zitakapopishana. Usikopeshe kiasi ambacho kisiporudi utamchukia. Kama alichoomba ni kikubwa mno, mpe sehemu ndogo iwe msaada, na umwambie wazi kwamba hudai. Mkopaji naye aseme kabla ya tarehe, si baada. Alipe hata kidogo kuonyesha nia. Na asimkimbie mdai, kwa sababu kinachoua urafiki katika deni ni ukimya zaidi ya fedha yenyewe. Ukishasamehe deni, usilitaje tena, hata kwa utani.

Kuna swali ambalo linawasumbua wengi: je, urafiki wa manufaa ni unafiki? Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, aligawa urafiki katika aina tatu, wa manufaa, wa starehe, na wa watu wanaotakiana mema kwa jinsi walivyo, akaona kwamba mbili za kwanza hukatika kirahisi kwa sababu manufaa na starehe hubadilika. Nadhani hakuna ubaya katika urafiki wa kazini au wa michezo, mradi wote wawili wanajua ni wa namna gani. Ubaya huja pale mtu wa manufaa anapotumia lugha ya undugu kupata anachotaka. Hapo ndipo mtu huvikwa kilemba cha ukoka. Dalili zake zinaonekana: sifa ni za jumla mno, zinakuja muda mfupi kabla ya ombi, na zinakauka ombi likishapita. Sifa ya kweli hutaja kitu mahususi ulichofanya, na haina haja inayoifuata.

Tena hakuna anayeweza kuwa wa karibu kwa kila mtu. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar amekadiria kwamba mtu huweza kudumisha uhusiano wa maana na watu wapatao 150, na ndani yao takriban 15 wa karibu, na 5 tu wa karibu kabisa. Mtafiti wa mawasiliano Jeffrey Hall, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 kufikia urafiki, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Piga hesabu: mkionana saa mbili kwa wiki, saa 200 ni wiki 100, karibu miaka miwili. Na saa za kukaa ofisi moja bila kuzungumza hazisaidii sana. Kwa hiyo anayekuita ndugu wa damu wiki ya pili hajadanganya lazima, ila bado hakujui. Pokea wema wake, rudisha wema, na uache muda ufanye kazi yake. Fungua mambo yako hatua kwa hatua: jambo dogo kwanza, utazame analitunzaje, kisha kubwa kidogo.

Kabla ya kumhukumu mtu kwamba si wa dhati, tafuta mwenendo unaojirudia. Kosa moja ni kosa. Mara tatu za aina moja, baada ya wewe kusema wazi, ni jibu. Na swali lako la mwisho liende kwake moja kwa moja, lisiende kwa marafiki wa pamoja: "Naona tumekuwa mbali. Kuna nililokukosea?" Wengine watakuambia, na mtajenga upya. Wengine watasema hakuna kitu, na mambo yatabaki yalivyo.

Ikifika hapo punguza bila vita. Acha kuanzisha kila mazungumzo wewe, uone kama yeye ataanzisha. Usimtangaze. Rudisha vyake ulivyonavyo, lipa unachodaiwa. Siri alizokupa mlipokuwa karibu bado ni zake, na zinabaki zimefungwa hata kama zako amezitoa. Watu wakikuuliza kulikoni, "siku hizi hatuonani sana" inatosha. Wakiendelea kuchimba, badilisha mazungumzo.